Pasi ya jiji: andika orodha kwanza, toa fedha baadaye

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari za mijini, na katika mambo ya fedha swali ninaloulizwa zaidi halihusu hoteli wala ndege. Watu huuliza: "Ile pasi ya kuingilia vivutio vyote, ninunue au niache?" Anayeuliza huwa ameshaona tangazo linalomwahidi kuokoa nusu ya gharama. Nami humjibu kwa swali, jambo ambalo huwakera baadhi yao: unataka kwenda wapi? Asiyekuwa na orodha namwambia asinunue chochote kwa sasa.

Sababu iko kwenye namna biashara yenyewe inavyokwenda. Kwa kawaida muuzaji wa pasi anachukua fedha zako mara moja, halafu anawalipa wenye vivutio kila mara unapoingia, kwa bei ya jumla waliyopatana. Ukiingia mara nane, atalipa mara nane. Ukiingia mara tatu kisha ukarudi hotelini kulala, kilichobaki ni chake. Bei imepangwa kwa kumfikiria msafiri wa kawaida, na msafiri wa kawaida huchoka, hunyeshewa, huchelewa kuamka. Si utapeli. Ila ujue kwamba mwenzako ameshapiga hesabu yake, nawe piga yako.

Kingine kinachowachanganya watu ni kudhani pasi zote ni za namna moja. Ziko zinazouzwa kwa muda: unalipia siku au saa, na ndani ya muda huo unaingia popote palipo kwenye mkataba. Paris Museum Pass ni ya jamii hiyo, na London Pass pia. Ziko zinazouzwa kwa idadi: unalipia sehemu tatu, nne au tano, unazichagua mwenyewe na kuzitembelea bila kukimbizwa na saa, kampuni ya Go City inauza za namna hii kwa jina la Explorer, sambamba na zile za muda. Viko vifurushi kama CityPASS, iliyoanza Marekani mwaka 1997, ambavyo vinafunga pamoja vivutio vichache vikubwa vya jiji na kukupa siku za kutosha kuvimaliza. Halafu kuna kadi ambazo hata si za kuingilia. Berlin WelcomeCard ya kawaida na Vienna City Card hukupa usafiri wa umma na punguzo mlangoni, basi. Nimeshaona watu wazima wakibishana na mkata tiketi kwa sababu walidhani punguzo la robo ya bei ni kiingilio cha bure.

Roma Pass ni mchanganyiko, na inanipendeza kwa sababu inamzawadia anayefikiri. Ile ya saa 48 inakupa kiingilio kimoja cha bure, ile ya saa 72 inakupa viwili, na baada ya hapo unalipa bei iliyopunguzwa. Usafiri wa ndani ya jiji umo. Kinachohesabika ni cha kwanza kuingia. Ukianza na kimakumbusho kidogo cha kiingilio cha chini kwa kuwa kiko jirani na hoteli, umeshaitumia nafasi yako ya bure pale. Anza na pa bei kubwa.

Sasa hesabu yenyewe. Nitatumia namba za kubuni ili ziwe nyepesi. Tuseme pasi ya siku tatu inauzwa euro 150, na tangazo linasema ndani yake mna vivutio vya thamani ya euro 310. Isahau hiyo 310. Chukua karatasi, andika sehemu ambazo ungekwenda hata kama pasi isingekuwepo duniani, na mbele ya kila moja andika bei ya tiketi kwenye tovuti ya mwenye kivutio. Usitumie bei ya tangazo, kwa sababu muuzaji wa pasi mara nyingi hulinganisha na bei ya juu ya getini, wakati vivutio vingi huuza kwa bei nafuu zaidi ukikata mapema mtandaoni. Tuseme umepata sehemu tano: 30, 25, 22, 18 na 16. Jumla ni 111. Pasi inakuzidi kwa euro 39.

Hapo ndipo mtu husema, "Basi nitaongeza mbili tatu, pasi itajilipa." Tuone. Ili ifike 150 unahitaji sehemu mbili zaidi za kama euro 20 kila moja, kwa hiyo sasa ni saba. Kila moja ipe saa mbili za ndani na dakika 40 za kufika, kutafuta mlango na kukaguliwa begi. Saba mara saa mbili na dakika 40 ni saa 18 na dakika 40. Vivutio vingi vya ndani hufunguliwa kama saa nane kwa siku, kwa hiyo siku tatu ni saa 24. Umebakiwa na saa tano na dakika 20 za kula, kupumzika, kupotea njia na kukaa tu barazani kutazama watu, yaani chini ya saa mbili kwa siku. Na mwisho wa mbio hizo hujaokoa hata senti. Umerudisha tu fedha yako, tena kwa kuingia sehemu mbili ambazo hukuwa na hamu nazo.

Chukua orodha ileile uipime kwa pasi ya idadi. Tuseme ya sehemu nne ni euro 84. Unaitumia kwa zile nne za bei kubwa, ambazo peke yake zingekugharimu 95, na ile ya 16 unailipia mkononi. Jumla ni 100 badala ya 111. Akiba ya euro 11 haivutii kwenye tangazo, lakini ni akiba ya kweli. Ndiyo maana kwa watu wengi ninaowapangia safari, hasa wenye watoto au wazazi wazee, naanzia kwenye pasi ya idadi. Ya muda nawaachia wale wanaoamka alfajiri, wanaosoma kibao kimoja cha maelezo kwa kila kumi, na ambao ukiwaambia wapumzike wanakuuliza kwani kuna nini.

Ukiwa wa kundi hilo la mwisho, jambo la kulisoma kwa makini kuliko yote ni namna muda unavyohesabiwa. Pasi nyingine huhesabu siku za kalenda, na nyingine huhesabu saa mfululizo tangu ulipoingia mara ya kwanza. London Pass ni ya siku za kalenda: ukiianza saa kumi jioni, siku imekwenda. Paris Museum Pass ni ya saa, 48, 96 au 144, na I amsterdam City Card nayo huhesabu saa. Kwa za saa, mimi nashauri kuanza mchana. Ya saa 48 ikianza Jumatano saa nane mchana itakufikisha Ijumaa saa nane mchana, hivyo umegusa siku tatu kwa bei ya mbili, na makumbusho ya Louvre ya Paris kwa mfano hufunga saa tatu usiku siku za Jumatano na Ijumaa badala ya saa kumi na mbili jioni. Kwa za kalenda fanya kinyume chake: uwe mlangoni mlango unapofunguliwa.

Na uangalie siku za kufungwa kabla ya kuchagua siku ya kuanza. Louvre haifunguliwi Jumanne. Makumbusho ya Musée d'Orsay na kasri la Versailles hayafunguliwi Jumatatu. Mtu anayewasha pasi ya saa 48 Jumatatu asubuhi jijini Paris amejifungia milango mitatu mikubwa katika sehemu nzuri ya muda aliolipia. Orodha za zamani zilizozagaa mtandaoni nazo ni za kuogopa: jumba la sanaa la Centre Pompidou la Paris lilifungwa mwaka 2025 kwa ukarabati wa miaka kadhaa, na bado utakuta makala zinazolihesabu kama sababu ya kununua pasi.

Kisha soma kisichokuwemo. Mara nyingi kilichokosekana ndicho hasa kilichokupeleka katika jiji hilo. Paris Museum Pass haikupandishi mnara wa Eiffel. Roma Pass haikuingizi kwenye Makumbusho ya Vatikani, na haishangazi, kwa kuwa Vatikani ni dola nyingine. Kadi ya Amsterdam haikuingizi nyumba ya Anne Frank, yule msichana Myahudi aliyeandika shajara akiwa mafichoni humo, ambayo tiketi zake huuzwa kwenye tovuti yake tu na huisha haraka. Kama vitu viwili kati ya vitatu unavyovitaka zaidi haviko kwenye pasi, mjadala umekwisha.

Ahadi ya "kupita bila foleni" nayo ipime kwa kiasi. Foleni inayorukwa ni ile ya kununua tiketi. Ya ukaguzi wa usalama haimjui mwenye pasi na asiye nayo, na katika majumba makubwa hiyo ndiyo ndefu. Zaidi ya hapo, sehemu nyingi siku hizi zinadai uwe umeshika nafasi ya siku na saa hata kama pasi unayo. Louvre, Versailles, kanisa la Sainte-Chapelle la Paris na uwanja wa kale wa Colosseum wa Roma ni mifano. Mpangilio wangu ni huu: fungua kwanza kalenda ya nafasi ya kivutio unachokitaka zaidi, tazama kama wenye pasi bado wana saa zilizobaki, ndipo ununue. Wanaofanya kinyume hujikuta na pasi halali mkononi na mlango usiofunguka mpaka wiki ijayo.

Kuna miji ambayo pasi inashindana na bure. Washington ina makumbusho ya Smithsonian, ambayo hayana kiingilio. London ina British Museum, National Gallery, Tate Modern na makumbusho ya historia asilia, ambayo maonyesho yake ya kudumu ni bure kwa yeyote. Notre-Dame ya Paris, iliyofunguliwa tena Desemba 2024, haitozi fedha ya kuingia kanisani. New York ina kivuko cha Staten Island, kinachopita mbele ya Sanamu ya Uhuru bila nauli yoyote. Siku utakayotumia kwa vitu vya bure ukiwa na pasi ya muda mfukoni ni siku uliyoilipia bila sababu, kwa hiyo itenge nje ya pasi, kabla au baada.

Watoto wanahitaji hesabu yao peke yao. Kosa la kawaida ni kununua pasi za familia nzima kwa mpigo kwa sababu ukurasa una kitufe cha kuongeza mtoto. Lakini Louvre haimtozi aliye chini ya miaka 18, awe ametoka nchi yoyote ile, na makumbusho ya Rijksmuseum ya Amsterdam ni hivyohivyo. Vijana wa chini ya miaka 26 wanaoishi katika nchi za Umoja wa Ulaya huingia bure kwenye makumbusho ya taifa ya Ufaransa. Kwa familia ya wazazi wawili na watoto watatu, huenda pasi zinazohitajika ni mbili tu. Wanafunzi na wazee pia hupata bei zao mlangoni, na pasi nyingi hazina bei hizo.

Usafiri nitaupita haraka. Ukiwemo ndani ya pasi bila nyongeza, ni jambo jema. Ukiuzwa kama nyongeza, linganisha na tiketi ya kawaida ya siku. Jijini London ukilipa kwa kugusisha kadi ya benki, mfumo wenyewe una kikomo cha siku na haukati zaidi yake, na watoto wa chini ya miaka 11 hawalipi wakiwa na mtu mzima. Treni ya uwanja wa ndege iulizie peke yake: Roma Pass haihusiki na ile ya moja kwa moja ya kwenda Fiumicino.

Ukishaamua kununua, nunua kwenye tovuti ya wenye pasi, na usome kipengele cha kurudishiwa fedha kabla ya kulipa. Wauzaji wengi hukubali kurudisha kwa pasi ambayo haijaanza kutumika, ila kila mmoja ana muda wake. Benki yako inaweza kukata makato ya kubadili fedha, nayo yaingie kwenye ile karatasi. Msimbo wa QR uhifadhi kama picha kwenye simu, kwa kuwa makumbusho mengi yana kuta nene na intaneti huko ni ya kubahatisha. Na kama mko wengi, kila mtu awe na wake kwenye simu yake. Mlangoni pasi husomwa moja moja, na mmoja wenu lazima atakuwa amebaki nyuma akipiga picha.