Kingamwili na mcharuko: jinsi ya kusoma majibu ya damu katika baridi yabisi

Baridi yabisi, kwa maana ya kitabibu, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaugeukia utando laini uliomo ndani ya viungo, hasa viungo vidogo vya vidole na viganja, na mara nyingi kwa mikono yote miwili, mpaka utando huo unavimba na hatimaye kuila gegedu na mfupa ulio jirani. Mama anayebangua korosho Masasi anaweza kuumwa vidole kwa sababu ya kazi tu, na maumivu hayo hupungua akipumzika. Mwenye baridi yabisi huamka asubuhi na vidole vilivyokakamaa visivyokunjika, na hulegea kadiri anavyovitumia. Daktari akishuku hali hii ya pili, huagiza vipimo ambavyo kwenye karatasi ya maabara huandikwa RF, anti-CCP, CRP na ESR. Watu huvisoma kana kwamba vyote vinauliza swali moja, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

RF na anti-CCP hutafuta kingamwili. Kwa kawaida kingamwili ni protini inayotengenezwa ili kunasa kijidudu, lakini hizi hunasa sehemu za mwili wenyewe. RF, iliyoelezwa na Erik Waaler wa Norway mwaka 1940, ni kingamwili inayoshika kingamwili nyingine. Huonekana kwa takriban wagonjwa 70 hadi 80 kati ya 100, lakini pia huonekana kwa watu wenye homa ya ini aina C, kifua kikuu, malaria, na hata kwa wazee wasioumwa chochote. Kwa hiyo RF iliyo chanya kwa mtu asiye na kiungo kilichovimba haimfanyi kuwa mgonjwa, na kwa maoni yangu kumpima mtu RF kwa sababu tu anaumwa mgongo ni kumtafutia hofu.

Anti-CCP ina uhakika zaidi. Mwilini kuna kimeng'enya kinachobadilisha kijenzi cha protini kiitwacho ajinini kuwa kingine kiitwacho sitrulini, jambo linalotokea zaidi penye mcharuko, yaani ile hali ya tishu kuvimba, kupata joto na kuuma, yakiwemo mapafu ya wavutaji wa sigara na fizi zilizooza. Kinga ya baadhi ya watu huziona protini zilizobadilishwa hivyo kuwa ngeni, ikazitengenezea kingamwili. Kati ya watu 100 wasio na baridi yabisi, takriban 95 hupata jibu hasi, na ndiyo sababu jibu chanya lina uzito. Kingamwili hizi huweza kuwepo kwenye damu miaka kadhaa kabla ya kidole cha kwanza kuvimba, na zikiwa nyingi huashiria hatari kubwa zaidi ya mifupa kuharibika.

CRP na ESR hupima mcharuko wenyewe, wala havisemi umetoka wapi. CRP hutengenezwa na ini linapopokea ishara za kemikali kutoka kwenye chembe za kinga. Hupanda ndani ya saa chache, na chanzo kikiisha hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. ESR hupima ni milimita ngapi chembe nyekundu zimezama ndani ya mrija kwa saa moja. Upungufu wa damu, ujauzito na umri mkubwa huipandisha, hivyo ESR ya juu kwa mjamzito mwenye upungufu wa damu haithibitishi lolote kuhusu viungo. Katika vigezo vya kimataifa vya mwaka 2010 vya kuainisha baridi yabisi, ambapo alama 6 kati ya 10 hutosha, mcharuko hupewa alama 1 tu, kingamwili hufikia 3, na viungo vyenyewe hufikia 5.

Kwa mikoa ya kusini mwa Tanzania kuna jambo la ziada. Chikungunya, ugonjwa wa homa unaoletwa na kirusi, ilielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 katika uwanda wa juu wa Makonde, na maumivu yake ya viungo huweza kudumu kwa miezi, yakifanana mno na baridi yabisi. CRP haiwezi kutenganisha magonjwa hayo mawili. Hapo daktari huuliza kama maumivu yalianza ghafla pamoja na homa na vipele, huagiza kipimo cha kingamwili dhidi ya kirusi chenyewe, na huangalia anti-CCP, ambayo kwa chikungunya kwa kawaida huwa hasi.

Matibabu yakianza, CRP na ESR hurudiwa ili kuona kama dawa, kwa mfano methotrexate, inatuliza mcharuko; RF na anti-CCP hazina haja ya kurudiwa kila mara, maana mgonjwa anaweza kupata nafuu kubwa huku zikibaki chanya. Wapo pia wagonjwa ambao kingamwili zote mbili ni hasi tangu mwanzo, na kwao utambuzi hutegemea vidole vilivyovimba kwa wiki 6 au zaidi, picha za viungo, na mkono wa daktari unaobonyeza kila kifundo.