Intavo ni nini khasa, na zile pushapu za katikati zinaingia wapi

Ukipita viwanja vya Maisara hapa Unguja jioni utasikia kiongozi wa kundi la mazoezi anatangaza "leo intavo!" halafu watu wanakimbia raundi moja, wakifika tu chini pushapu 20, wakiinuka kichura, kisha planki, haya twende raundi ya pili, hakuna kusimama. Zoezi zuri na jasho linatoka kweli kweli, ila hiyo si intavo, na tumeshazoea kuiita hivo mpaka vijana wanaojiunga sasa hivi hawajui kama kuna kitu chengine.

Intavo ni kukimbia kipande kwa kasi, tuseme mita 200 au 400, ukapumzika kwa muda uliopangwa kwa kutembea au kujogi pole pole, ukarudia tena. Basi.

Tunapokosea ni hapo kwenye mapumziko, watu wanayaona muda unaopotea kwa hiyo lazima ujazwe kitu. Miaka ya 1930 kule Ujerumani kocha Woldemar Gerschler na daktari Herbert Reindell walijenga utaratibu wao mzima juu ya mapumziko hayo hayo. Mkimbiaji anapandisha mapigo ya moyo mpaka kama 180 kwa dakika, kisha anaachiwa yashuke mpaka 120, na anapewa sekunde 90 tu, yasiposhuka ina maana kile kipande kilikuwa kikali mno au kirefu mno. Wao waliamini moyo unajengeka zaidi pale mapigo yanaposhuka kuliko pale mtu anapokimbia. Mwanafunzi wa Gerschler, Rudolf Harbig, mwaka 1939 alikimbia mita 800 kwa dakika 1 sekunde 46.6 mjini Milan na rekodi ile ya dunia ikakaa mpaka 1955. Siku hizi makocha hawamlazimishi kila mtu hiyo 120, umri na miili inatofautiana, lakini kazi ya mapumziko ni ile ile, upate pumzi ili kipande kinachofuata nacho kiwe cha kasi.

Sasa tia skwati 30 hapo katikati. Mapigo hayashuki, mapaja yameshajaa, raundi ya tatu mtu anaburuza miguu na ya tano ni jogingi tu hata kama roho inataka kukimbia. Umepata ustahamilivu, sawa, lakini kasi hukuigusa, halafu mtu anakuja kulalamika miezi inapita na muda wake wa kilomita tano haushuki.

Kile kinachofanyika pale uwanjani ni sakiti, mazoezi ya mzunguko, unatoka zoezi moja unaingia jengine, na walioyapanga kwa mfumo unaojulikana ni Morgan na Adamson wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1953. Ni kitu cha maana sana kwa sisi wengi tusiokuwa na jimu wala vyuma, una saa moja kabla ya magharibi na uzito wako mwenyewe, unapata pumzi na misuli kwa pamoja. Siipingi hata kidogo.

Na kuvichanganya inawezekana vizuri tu. Kimbia vipande vyako kwanza miguu ikiwa bado mipya, pumzika sawa sawa kila kimoja, ukimaliza chote tembea kidogo ndio uingie pushapu, skwati na planki zako, au zipeleke siku nyengine kabisa. Kwa wanaokimbia pwani ndio muhimu zaidi maana mchanga mlaini unachosha mapaja peke yake hata kabla ya skwati.

Kwa hiyo viongozi wetu wa makundi, siku mkitangaza intavo wapeni watu muda wao wa kutembea, na anayetembea msimwambie mvivu, yumo ndani ya zoezi. Mkitaka pushapu katikati semeni tu leo sakiti, watu watakuja vile vile.