Usiniletee Ngozi: Fidia ya Mifugo Karamoja na Ukweli Wake

Mimi ni daktari wa mifugo hapa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Wiki iliyopita mzee mmoja alitembea kutoka Rupa hadi kwangu Moroto mjini, gunia begani. Ndani mlikuwa na ngozi tatu za ng'ombe waliokufa kwa kiangazi. "Daktari, hesabu uandike, serikali inilipe." Ni wa nne tangu malisho yakauke, na kila mara moyo unaniuma.

Dhana: Ng'ombe akifa kwa ukame, serikali hulipa kichwa kwa kichwa.

Hailipi. Msaada wa maafa hupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Mwenyekiti wa kijiji (LC1) anaripoti, kaunti ndogo inapeleka wilayani, kamati ya maafa ya wilaya inatathmini na kuomba. Kinachoshuka kwa kawaida ni unga wa posho, maharage, turubai na mablanketi. Ni chakula cha watu, jamani, wala si bei ya ng'ombe.

Najua uvumi huu ulikotoka. Waturkana, wafugaji wa Kenya, wanapovuka mpaka kutafuta malisho kwetu, wanasimulia walivyotumiwa pesa za ukame. Hawadanganyi. Mwaka 2015 Kenya ilianzisha bima ya mifugo, ikianzia Turkana na Wajir, na serikali yao ikalipia ada kwa kaya zilizochaguliwa. Lakini hata wao hakuna aliyehesabiwa mizoga! Setilaiti ilipima ukijani wa malisho. Ukijani uliposhuka chini ya kiwango kilichowekwa, aliyesajiliwa alilipwa, awe amepoteza ng'ombe kumi au hakupoteza hata mbuzi. Asiyesajiliwa hakupata kitu, hata zizi likibaki tupu.

Hapa Karamoja mradi wa serikali wa NUSAF 3, mfuko wa kusaidia jamii za kaskazini mwa Uganda, nao ulitumia setilaiti, ila kuongeza kazi za umma ukame ulipozidi. Waliopokea pesa walipokea ujira wa jasho lao.

Tena ngozi hizo zinaweza kuua. Ng'ombe akifa ghafla na damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani, shuku kimeta. Usimchune, usimle, niite. Mwaka 2018 ugonjwa huo uliripotiwa katika wilaya zetu za Kween, Kiruhura na Arua, na binadamu waliugua. Mtu ahatarishe watoto wake kwa ushahidi ambao hakuna ofisi inayoupokea?

Dhana: Pesa za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, ni fidia.

Ni mkopo. Shilingi milioni 1 kwa kaya, riba asilimia 6 kwa mwaka. Utadaiwa.

Dhana: Bima ya serikali ni bure.

Serikali yetu ya Uganda inachangia ada tu: asilimia 50 kwa mkulima mdogo, 30 kwa mkubwa, na 80 kwenye maeneo yenye hatari kubwa ya maafa. Inayobaki unalipa wewe, na ng'ombe anakatiwa bima akiwa hai. Kila kiangazi watu wanakuja kuniuliza habari za bima baada ya kuzika.

Dhana: Kuna mtu mjini anaandikisha watu wa fidia kwa elfu ishirini.

Huyo ni mwizi. Mpelekeni polisi.

Yule mzee nilimpa daftari. Hakusoma, kwa hiyo binti yake aliye darasa la tano ndiye atakayeandika: rangi, chapa, umri, tarehe ya chanjo. Kamati ikija kutathmini, au wakala wa bima, atakuwa na cha kuonyesha. Wamebaki ng'ombe kumi na mmoja. Tulianza na yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika.