Kilimanjaro si kipimajoto cha dunia

Mjadala wa tabianchi ukianza kwenye makundi ya WhatsApp, haichukui muda kabla ya mtu kutuma picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Anayeamini kuwa binadamu ndiye chanzo huituma ili kuonyesha barafu ilivyokwisha. Anayepinga huituma ileile na maelezo yake: barafu hii ilianza kupungua kabla ya magari kuwapo, na kule juu baridi ni kali mno kuyeyusha chochote, kwa hiyo habari za gesi joto, yaani gesi zinazonasa joto angani, ni za kutungwa. Mimi ni mtaalamu wa tabianchi. Huyu wa pili ana hoja nzuri, ila hitimisho lake halitokani na hoja hiyo.

Hans Meyer, mpanda milima Mjerumani, alifika kileleni mwaka 1889. Aliporudi mwaka 1898 alikuta barafu imerudi nyuma waziwazi, na wakati huo viwanda vya dunia vilikuwa bado havijatoa hewa ukaa ya kutosha kubadili joto kwa kiasi hicho. Ushahidi unaonyesha kwamba kupungua kulianza karibu na mwaka 1880, Afrika Mashariki ilipotoka kwenye kipindi cha mvua nyingi na kuingia kwenye ukavu. Ziwa Victoria lilijaa sana mwishoni mwa miaka ya 1870, kisha kina chake kikashuka. Mlima nao ulikosa theluji mpya. Ramani ya mwaka 1912 ilionyesha takribani kilomita 12 za mraba za barafu. Kufikia mwaka 2000 zilikuwa hazifiki tatu.

Ukisogelea barafu yenyewe utaona kwa nini. Kule juu, karibu mita 5,800, wastani wa joto la hewa ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Barafu imesimama kama kuta wima, nyingi zikielekea mashariki hadi magharibi, na hilo limechongwa na jua. Kuanzia Aprili hadi Agosti jua likiwa kaskazini, linapiga ukuta wa kaskazini. Likihamia kusini, zamu inakuwa ya ukuta wa kusini. Hewa inabaki ya kugandisha, lakini miali inautosha ukuta kutoa maji. Juu ya barafu, kwenye uso wa bapa, sehemu kubwa ya barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji, kazi inayohitaji nishati zaidi ya mara nane ya ile ya kuyeyusha. Theluji mpya ikianguka, uso unakuwa mweupe na kurudisha mwanga angani. Isipoanguka, barafu chakavu yenye vumbi inameza jua mchana kutwa. Kwa hiyo kinachoiua zaidi barafu ya Kibo ni uhaba wa theluji na mawingu.

Haya si maneno ya wapinzani. Yameandikwa na wanasayansi wa barafu, akina Georg Kaser, Thomas Mölg na Douglas Hardy, ambao wametumia vipimo vya kituo cha hali ya hewa kilichowekwa juu ya barafu hiyo mwaka 2000. Na Kaser huyohuyo amekuwa miongoni mwa waandishi wakuu wa ripoti za IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la sayansi ya tabianchi. Hakuona mgongano, kwa sababu haupo.

Tatizo lilianza mlima ulipogeuzwa bango. Mwaka 2002 mwanasayansi wa barafu Lonnie Thompson na wenzake walikadiria kwamba barafu ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Mwaka 2006 filamu ya Al Gore, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Marekani, ikaionyesha Kilimanjaro kama kielelezo cha joto la dunia, na mwaka uliofuata jaji wa Mahakama Kuu mjini London, katika kesi kuhusu filamu hiyo, akasema sayansi haijathibitisha kwamba theluji ile inapungua hasa kwa sababu ya binadamu. Mwaka 2020 ukapita, barafu bado ipo. Wenye shaka wakashangilia. Inaniuma, kwa sababu mfano mmoja uliochaguliwa kwa uzuri wake umewapa watu sababu ya kutosikiliza ushahidi ambao kweli unabeba mzigo.

Ushahidi huo uko kwenye hewa tunayoivuta. Kabla ya viwanda, hewa ukaa ilikuwa takribani sehemu 280 kwa kila milioni. Mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 ilikuwa kama 315, na sasa imevuka 420. Huwa naulizwa: mbona isiwe volkano? Tunayo Ol Doinyo Lengai, wenzetu wa Goma wanayo Nyiragongo. Swali zuri, na linajibika kwa kupima.

Kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, huoza na kuisha katika muda wa makumi ya maelfu ya miaka, kwa hiyo makaa ya mawe na petroli, vilivyolala ardhini mamilioni ya miaka, havina hata chembe. Kaboni ya angani ilianza kupungukiwa na kaboni-14 viwanda vilipokua. Lakini gesi ya volkano nayo haina kaboni-14, hivyo kipimo hicho peke yake hakitoshi. Tunaangalia kaboni-13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ya kawaida. Mimea huipendelea kidogo kaboni nyepesi, na makaa na mafuta yalitokana na viumbe hai, basi yana kaboni-13 pungufu. Gesi ya volkano haina upungufu huo. Kaboni-13 ya angani inashuka. Kisha kuna oksijeni: moto unaitumia, volkano haina haja nayo, na vipimo vinaonyesha oksijeni angani inapungua kidogo kidogo, kama inavyotarajiwa mafuta yanapochomwa. Volkano zote za dunia kwa mwaka hazifikishi asilimia 1 ya hewa ukaa tunayotoa sisi.

Na jua? Lingekuwa linawaka zaidi, angahewa lote lingepata joto, chini hadi juu. Wanasayansi Syukuro Manabe na Richard Wetherald walikokotoa mwaka 1967 kwamba hewa ukaa ikiongezeka, chini kutapata joto na tabaka la juu, stratosfia, litapoa. Ndivyo ilivyotokea. Setilaiti zinazopima jua tangu mwaka 1978 nazo hazioni ongezeko la nguvu yake linaloweza kueleza joto hili.

Kwa hapa kwetu, mashaka mara nyingi huja kwa sura nyingine. Kwenye mikutano ya vijiji utasikia: mlima umekauka kwa sababu tumekata miti. Misitu ya Kilimanjaro ina thamani kubwa, hunasa ukungu na kulinda chemchemi, na inastahili kutetewa kwa sababu hizo. Lakini utafiti wa Mölg na wenzake uliotoka mwaka 2012 ulikuta kwamba mabadiliko ya misitu mteremkoni yana mchango mdogo sana katika kupungua kwa barafu ya kileleni. Na duniani kote, ufyekaji wa ardhi ni kama sehemu moja ya kumi tu ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu. Iliyobaki, karibu yote, inatoka kwenye makaa ya mawe, mafuta, gesi asilia na saruji. Afrika nzima, yenye zaidi ya sehemu moja ya sita ya watu wa dunia, inatoa takribani asilimia 4 ya hewa ukaa inayotokana na nishati, na sehemu kubwa yake inatoka Afrika Kusini, Misri na Algeria. Mama anayeuza mkaa njia ya Himo huambiwa mara kwa mara, hata na viongozi, kwamba yeye ndiye anayebadilisha tabianchi. Vipimo havisemi hivyo.