Kutu Si Ushahidi wa Vita: Dhana Potofu Kuhusu Diorama za Kijeshi

Wateja wanaoniletea modeli za vifaru na magari ya deraya hapa Nairobi, wengine ili nizimalizie rangi na wengine ili nizitengenezee diorama, yaani mandhari ndogo ya kuziweka, huja na ombi moja lisilobadilika: "Fundi, ongeza kutu, ionekane ilipigana." Wiki hii ombi hilo limekuja tena, likiandamana na modeli ya kipimo cha 1/35, yaani ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi, ambayo mwenyewe alikwisha kuipaka rangi ya machungwa kuanzia mdomo wa mzinga hadi kwenye mpira wa magurudumu. Mpira haushiki kutu. Nimeona heri niyaandike mara moja majibu yangu kwa dhana hii na nyingine ninazozisikia, kila moja nikiinukuu kwanza, ili anayekuja na ombi hilo ayasome kabla hatujaanza kuelewana bei.

"Kutu na matope vikizidi, uhalisia nao unazidi."

Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na maji na hewa, kwa hiyo mahali ambapo rangi bado imeshika, kutu haina njia. Kifaru kilitoka kiwandani kimepakwa rangi ya msingi na rangi ya juu, na vifaru vingi vya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia viliteketea, vilikwama au viliharibika kabla ya kufikisha miezi mingi kazini, muda ambao hautoshi bamba nene la deraya kuliwa na kutu kwa namna wateja wangu wanavyotaka. Picha zinazowapotosha ni za vifaru vilivyotelekezwa porini au vilivyosimama nje ya makumbusho kwa miongo. Asiyeniamini aende Makumbusho ya Reli, atazame vyuma vya zamani vilivyokaa nje bila kupakwa rangi upya, kisha apite Eneo la Viwanda atazame lori linalobeba mawe kila siku. Lori hilo lina vumbi, lina mikwaruzo, lina dizeli iliyochuruzika chini ya mfuniko wa tangi, lakini kutu yake utaitafuta.

Hiyo kutu chache ina mahali pake maalumu, na hapo ndipo kazi ilipo. Bomba la moshi hushika kutu kwa sababu joto huichoma rangi ikaisha. Minyororo ya kifaru hushika kutu upesi kwa sababu sehemu kubwa ya chuma chake haina rangi, lakini pale inapokanyaga ardhi na pale magurudumu yanapopita juu yake, chuma husuguliwa hadi kikang'aa. Kwa hiyo mnyororo wa kifaru kinachotembea una rangi mbili, kahawia kwenye mashimo na fedha iliyofifia kwenye miinuko, na anayeupaka kahawia tupu amekisimamisha kifaru chake bila kujua. Kwingineko, kwenye kingo za mifuniko na pale wanajeshi wanapokanyaga wakipanda, rangi huchubuka, na kinachoonekana kwanza ni rangi ya msingi. Kwa vifaru vya Ujerumani rangi hiyo ya msingi ilikuwa nyekundu ya udongo, na wengi huiona kwenye picha wakadhani ni kutu. Kumbukeni pia kipimo: mchubuko wa milimita 1 kwenye modeli ya 1/35 ni sentimita 3.5 kwenye kifaru halisi, na doa la milimita 5, ambalo mteja huliona dogo sana, ni karibu upana wa kisahani cha chai.

Kuna hali moja tu ambapo ninakubali kukipaka kifaru kizima rangi ya kutu, nayo ni kifaru kilichoungua. Moto hula rangi, na chuma kilichobaki uchi hushika kutu haraka sana. Lakini hapo mpira wa magurudumu nao lazima utoweke, majivu meupe yaonekane karibu na matundu, na kifaru kikae chini kuliko kawaida kwa sababu springi zimepoteza nguvu kwa joto. Mteja anayetaka kutu ya kifaru kilichoungua, na juu yake dereva anayetabasamu akichungulia kwenye mfuniko, achague moja.

Kuhusu matope, ugomvi wangu ni mwingine. Matope yaliyo kwenye gari lazima yawe yale yale yaliyo kwenye ardhi linalosimama, na ardhi hiyo lazima iwe ya mahali na majira unayodai. Nimeletewa mandhari ya mapigano ya kilima cha Salaita, karibu na Taveta, ambako Waingereza na Waafrika Kusini walishambulia tarehe 12 Februari 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, wakarudishwa nyuma, na gari lilikuwa limepakwa matope meusi ya mfinyanzi kama ya uwanda wa Athi. Udongo wa upande ule ni mwekundu, na Februari ni kiangazi, masika bado. Kilichohitajika pale ni vumbi, ambalo huwa zito upande wa nyuma, ambako magurudumu hulitupa, na kwenye nyuso za bapa. Hupungua kadiri unavyopanda juu, na hufutika pale mikono na miguu inapogusa kila mara.

Ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wamechoka kuusikia, ni kufuata mpangilio wa wakati. Michubuko huja kwanza, kisha michirizi ya mvua na mafuta, vumbi mwisho, kwa sababu hata kwenye gari la kweli vumbi la leo hukaa juu ya mkwaruzo wa jana. Kwa michirizi, weka nukta ndogo ya rangi ya mafuta juu ya vanishi iliyokauka, kisha uivute kwa brashi iliyoloweshwa turpentaini kidogo, daima kutoka juu kwenda chini. Kwa vumbi, saga chaki za rangi kwenye msasa, changanya rangi mbili au tatu zinazokaribiana, upake kwa brashi laini, kisha uache kazi mpaka kesho. Wengi huharibu saa ile wanapoamini kwamba bado kidogo.

"Modeli ikigundishwa kwenye ubao imekaa."

Haijakaa, imeelea. Kifaru cha Tiger cha Ujerumani kilikuwa na uzito wa tani 57 hivi, na T-34-85 cha Kisovieti tani 32. Uzito wa namna hiyo huacha alama. Bonyeza minyororo kwenye plasta ingali laini, inua, kausha, ndipo ugundishe, na hakikisha kuna nyayo za minyororo nyuma ya kifaru, majani yaliyolala na udongo uliosukumwa pembeni. Angalia pia mnyororo wa juu: wa Tiger ulilala juu ya magurudumu kwa uzito wake, ilhali wa Sherman, kifaru cha Marekani, ulikaa umekazwa. Anayeulegeza wa Sherman ili kuonyesha uzito amebuni kifaru kipya.

"Udongo halisi ndio uhalisia wenyewe."

Udongo wa shambani hauelewi kipimo. Punje ya milimita 1 inakuwa jiwe la sentimita 3.5, na ardhi nzima inaonekana kokoto. Upitishe kwenye soksi ya nailoni, uukaushe kwenye oveni ili usije ukaota ukungu, na ujue kwamba gundi nyeupe iliyozimuliwa itaufanya uwe mweusi zaidi, hivyo bado utahitaji kuupaka rangi. Majani ya mjakaranda, ambayo kila mtu hapa mjini huniletea yakiwa yamekaushwa kwa upendo, ni mabaya zaidi: jani dogo moja la sentimita 1 linakuwa jani la sentimita 35. Majani ya chai yaliyokwisha kupikwa yanafaa kwa takataka za chini ya mti. Kwa nyasi ndefu za kiangazi sijaona kinachoshinda kamba ya katani iliyokatwa na kuchambuliwa nyuzi. Rangi yake ya asili karibu inatosha, inapatikana dukani mtaani, na haina haja ya kuagizwa ng'ambo kwa bei ya modeli nyingine.

"Vifaru vya Ujerumani vilikuwa vya kijivu."

Hadi mapema 1943, ndiyo, kwa Ulaya. Kuanzia Februari mwaka huo rangi ya juu ya kiwandani ikawa manjano iliyokoza, na kijani na kahawia vikapakwa juu yake na wanajeshi wenyewe. Tiger ya kijivu kwenye mapigano ya Normandia ya 1944 ni kosa.

"Kivuli ni cheusi."

Si cheusi. Changanya kahawia iliyokoza na rangi ya gari lenyewe. Kopo la rangi nyeusi lifungwe.

"Kila mwanajeshi awe anafyatua risasi."

Vita kwa sehemu kubwa ni kungoja, kuchimba na kubeba. Katika kampeni ya Afrika Mashariki wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, lakini sijawahi kuletewa mandhari ya 1916 yenye mpagazi hata mmoja. Anayetaka kuona jinsi walivyovaa na kusimama ana sanamu ya shaba ya mwaka 1928 pale Kenyatta Avenue, ambako mpagazi amesimama pamoja na askari. Na askari wengi wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) wa wakati ule walitembea bila viatu, kwa hiyo buti zilizokuja na kasha la modeli zikatwe, miguu ichongwe upya. Mtu wa sentimita 175 awe na urefu wa sentimita 5 katika 1/35. Mpime kabla ya kumpaka rangi, kwa sababu watengenezaji hawalingani.

"Ubao mkubwa una heshima zaidi."

Una nafasi tupu zaidi. Gari la deraya la Rolls-Royce lenye urefu wa karibu mita 5 linachukua sentimita 14 tu katika 1/35, na ubao wa sentimita 20 kwa 20 unalitosha pamoja na watu watatu, mradi gari lisimame mshazari na lisiwe sambamba na ukingo.