Robert Mundell na Sarafu Moja: Dhana Potofu na Ukweli

Robert Mundell, mwanauchumi mzaliwa wa Kanada aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1999, mara nyingi huitwa baba wa euro. Sifa hiyo imezaa dhana kwamba alithibitisha kuwa nchi jirani zikitumia sarafu moja zote hunufaika. Makala yake ya mwaka 1961 haikusema hivyo, bali iliuliza mipaka ya eneo linalofaa kutumia sarafu moja ipite wapi. Alitoa mfano wa Marekani na Kanada, akachukulia kwamba upande wa mashariki wa nchi zote mbili huunda magari na upande wa magharibi huzalisha bidhaa za mbao. Wanunuzi wakiyaacha magari na kukimbilia mbao, mashariki watu hukosa kazi ilhali magharibi bei hupanda, na kushusha thamani ya dola ya Kanada hakutibu tatizo hilo, kwa sababu mpaka wa sarafu umepita kwingine na tatizo liko kwingine. Kinachotibu ni wafanyakazi na mitaji kuweza kuhama.

Dhana ya pili ni kwamba benki kuu iliyo imara inaweza kushikilia kiwango cha ubadilishaji, kuacha mitaji iingie na kutoka kwa uhuru, na papo hapo kupanga riba ipendavyo. Utafiti wa Mundell wa miaka ya 1960, pamoja na ule wa Marcus Fleming wa Shirika la Fedha la Kimataifa, unaonyesha kwamba katika mambo hayo matatu nchi hupata mawili tu. Benki kuu ikishusha riba, wenye mitaji huuza sarafu ya ndani ili wapeleke fedha zao nje. Ili kukilinda kiwango, benki hulazimika kuinunua sarafu hiyo kwa akiba yake ya fedha za kigeni, na kwa kufanya hivyo huziondoa sokoni fedha zilezile ilizokuwa imeziongeza, hadi riba inarudi ilikokuwa.

Hapo ndipo inapoanguka dhana inayopendwa sana kwetu, kwamba shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki ni ushahidi wa muungano wa fedha uliofaulu. Ni kweli kwamba shilingi hiyo ilipokelewa Mombasa, Kampala na Dar es Salaam bila kubadilishwa. Hata hivyo, Bodi ya Sarafu iliyoundwa mwaka 1919 iliitoa kwa kupokea pauni za Uingereza, shilingi 20 kwa pauni moja, na haikuwa na sera yake ya fedha hata kidogo. Kiwango kilikuwa kimefungwa na mitaji ilikuwa huru kwenda London, kwa hiyo uamuzi kuhusu riba haukuwa mikononi mwa Waafrika Mashariki. Mwaka 1966, Tanzania, Kenya na Uganda zilipoanzisha benki kuu zao, kila moja ilikuwa inautafuta uwezo huo ambao bodi haikuwahi kuwa nao.

Wengine huamini kwamba sarafu mpya, ile moja inayopangwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, itakuwa tayari mara tu serikali zitakapotimiza vigezo vya itifaki ya muungano wa fedha iliyotiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013: mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isiyozidi asilimia 3 ya pato la taifa, na akiba ya fedha za kigeni ya kulipia miezi 4.5 ya uagizaji. Vigezo hivyo ni vya lazima, lakini hupima nidhamu ya serikali, wala havijibu swali la Mundell. Ugiriki, iliyokuwa ndani ya euro, haikuweza kushusha thamani ya sarafu yake ilipokumbwa na mgogoro, na mwaka 2013 ukosefu wa ajira ulipita asilimia 27. Kwa maoni yangu, Itifaki ya Soko la Pamoja ya jumuiya hiyo iliyoanza kutumika mwaka 2010 ina uzito kuliko noti yoyote, kwa kuwa ndiyo inayogusa uhuru wa kuhama. Na chini ya itifaki hiyo, mwashi aliyekosa kazi Mwanza akitaka ajira ya kudumu Kisumu, bado hulazimika kuomba kibali cha kazi.