Kwa nini samaki hufa siku mbili baada ya chujio kuoshwa likang'aa?

Katika nyumba za kale za Lamu, chooni huwa mna birika, hodhi la mawe na chokaa la kuhifadhia maji. Wazee walitia humo samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na sakafuni mwa birika wakapachika bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wapate pa kujibana. Hapakuwa na pampu wala stima, na samaki waliishi. Leo mtu ana tangi la kioo la lita 200, na chujio la ndoo kabatini chini yake. Ijumaa analisugua kwa sabuni, Jumapili samaki wanaelea.

Samaki hutoa amonia, nyingi yake kupitia mashavu, na amonia hiyo hiyo huyaunguza mashavu. Katika maji ya joto yenye chokaa, kama ya visima vingi vya pwani, sumu yake huwa kali zaidi. Birikani samaki walikuwa wachache, hawakulishwa, na maji yalichotwa na kujazwa tena kila siku. Tena kuta zilivaa utando ule unaoteleza ukiugusa. Utando huo una bakteria: Nitrosomonas hugeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu pia, kisha Nitrospira huigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kama haijazidi.

Chujio la ndoo ni makazi ya bakteria hao. Maji hushuka kwa mpira, hupita kwenye sponji na pete za kauri zenye vitundu, kisha pampu huyarudisha juu. Kunasa taka ni nusu tu ya kazi yake. Sabuni huwaua bakteria, na klorini ya maji ya bomba vilevile. Nao huzaana polepole: tangi jipya huchukua kama wiki 4 hadi 6 kutulia.

Kwa hiyo teka maji ya tangi lenyewe, ukamulie sponji humo, pete zisuuze kidogo tu, na usiguse vyote siku moja. Wakati wa kufanya hivyo utauona mwenyewe: maji yanayorudi tangini yakilegea. Ukingo wa mpira wa mfuniko upake grisi ya silikoni. Mafuta ya kujipaka huweza kuulainisha mpira, ndoo ikavuja usiku umelala.

Dukani watu hutazama nguvu ya pampu. Tafuta inayozungusha maji ya tangi mara 4 hadi 6 kwa saa, yaani lita 800 hadi 1,200 kwa tangi hilo letu, na ujue kwamba sponji zikishaingia, namba ya kwenye boksi hushuka. Mimi hutazama zaidi tumbo la ndoo: pete zinaenea ngapi? Kwa tangi la lita 60, sponji ya pampu ya hewa yatosha, usijigharimu.

Stima ikipotea saa nyingi, hewa ndani ya ndoo iliyofungwa huisha, bakteria hufa na maji huoza. Usiiwashe hivyo hivyo stima ikirudi. Fungua kwanza, umwage maji yale, usuuze. Na yale unayopunguza tangini kila wiki usiyamwage mtaroni: nitrati ni mbolea, mwagilia asumini.